Kinyota mbele ya *rīxs: neno la Wakelti la "mfalme" limetoka wapi

Marahaba mdogo wangu, na asante sana kwa swali, maana ni muda sijaulizwa kitu kikanifurahisha hivi. Kwa wasomaji wengine, huyu ndugu yetu anafundisha historia sekondari, alikuwa anasoma habari za Vercingetorix, yule jemadari wa Gaulia aliyewaongoza watu wake dhidi ya Julius Caesar mwaka 52 kabla ya Kristo, akafungua kamusi moja akakuta ule mwisho wa jina, -rix, umeelezwa hivi: *rīxs, shina rīg-, "mfalme", mame-Kelti. Anauliza kinyota hicho kazi yake nini. Anauliza kama hakuna aliyewahi kuliandika hilo neno, wataalamu wamelijuaje, si ni kubahatisha tu? Na kwa nini neno hilohilo hapa lina x pale lina g? Mwishoni kaongeza kwamba mtoto wake anaitwa Erick na kuna mtu kamwambia jina hilo lina asili ya Wakelti, ni kweli?

Kinyota kwanza. Kinasema kwamba neno hili halijaonekana kwenye maandishi yoyote, tumelijenga upya kutokana na watoto wake. Mame-Kelti ni ile lugha mama ya Wakelti wote, ilizungumzwa Ulaya kama miaka 3,000 iliyopita, wenyewe hawakuandika, lakini imeacha watoto: Kigauli kilichozungumzwa Ufaransa ya leo na jirani zake, Kikeltiberi cha Hispania, Kiayalandi na ndugu yake Kigaeli cha Uskoti, Kiwelisi, Kibretoni. Ukiwa na watoto wa kutosha sura ya mzazi unaipata, na sio kwa kubahatisha. Sisi hili tunalijua kuliko tunavyodhani. Mswahili anasema mtu, Mkikuyu mũndũ, Msukuma munhu, Mganda omuntu, Mzulu umuntu. Hakuna aliyesikia Wabantu wa kwanza wakiongea lakini ukiyapanga hayo maneno mstari mmoja unaona kabisa kulikuwa na neno moja lenye nt katikati, alafu kila lugha ikaishika ile nt kwa namna yake, na kwa namna hiyohiyo ikaishika kwenye maneno mengine pia. Hapo ndo siri ilipo, kwamba sauti hazibadiliki ovyo ovyo, zinabadilika kwa mpangilio. Carl Meinhof aliitumia njia hii kwa lugha za Kibantu mwaka 1899, akiifuata kazi ambayo tayari ilikuwa imefanywa kwa lugha za Ulaya na India.

Sasa twende kwa mashahidi wa *rīxs, maana bila mashahidi hii ni hadithi tu.

Shahidi wa kwanza ni majina ya Wagauli. Vercingetorix tumeshamtaja: ver ni "juu, mkuu", cingeto- ni "mpiganaji" (Kiayalandi cha kale kina cing, shujaa), na rix. Yupo Dumnorix wa kabila la Waaedui, yupo Ambiorix wa Waeburoni, yupo Orgetorix wa Wahelveti. Na hawa hatuwajui kwa kalamu ya Caesar peke yake. Zipo sarafu za dhahabu zilizopigwa wakati wake zimeandikwa VERCINGETORIXS, angalia hapo mwisho, X na S zote mbili! Mwandishi wa Kirumi kwa kawaida angeona X inatosha maana kwake X tayari ni "ks", lakini Mgauli aliyechonga ile sarafu aliona haitoshi. Kwa nini? Inaelekea ni kwa sababu alichosikia mdomoni hakikuwa "ks", kilikuwa "khs", ile kh ya koo ambayo wazee wa pwani wanaitamka wakisema kheri au khamsini. Na sarafu za Dumnorix zipo zilizoandikwa DUBNOREIX, hiyo EI ni njia yao ya kuonyesha i ndefu. Kwa hiyo i ndefu tunayo, kh tunayo, s ya mwisho tunayo. Kinyota kinaanza kupata nyama.

Alafu kuna kabila liliitwa Bituriges, "wafalme wa dunia", na jina lao bado lipo kwenye ramani ya Ufaransa, mji wa Bourges na eneo la Berry. Hapo pameshatokea g. Mtu mmoja ni -rix, wengi ni -riges.

Nije kwenye hilo swali la x na g sasa maana najua ndo lililokusumbua zaidi. Wewe kila siku unasema mti mrefu, alafu unasema nyumba ndefu. Hiyo r imeenda wapi? Unasema ulimi, wingi ndimi, l imekuwa d. Hujawahi kuona shida, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayeona shida, maana masikio yetu yanajua kwamba l na r zikiguswa na n mbele yake zinageuka d. Kwa Wakelti ni hivohivo ila mguso unatokea nyuma. Shina la neno ni rīg-, hilo ndo neno lenyewe. Kwenye umoja, neno likiwa mtenda, lugha ilibandika s mwishoni: rīg + s. Sasa g ni sauti ya mtetemo, s haina mtetemo, zikigusana g inapoteza mtetemo inakuwa k, na Wakelti wakaenda hatua moja mbele, k yoyote iliyotangulia s wakailainisha ikawa kh. Ndo unapata rīxs, hiyo x kwenye kamusi ni alama ya kh. Kilatini kina jambo hilohilo bila ile hatua ya mwisho, rex ni mfalme, wa mfalme ni regis. Kwa hiyo hakuna maneno mawili hapo, ni rīg- moja inayovaa kulingana na jirani yake.

Na jirani hao ni wengi kwa sababu nomino ya Kikelti cha kale ilikuwa na mkia unaobadilika. Sisi tunabeba mzigo mbele, m-tu wa-tu, ki-ti vi-ti, na kazi ya neno kwenye sentensi tunaijua kwa nafasi yake au kwa maneno kama "wa" na "kwa". Wao mkia ndo ulifanya kazi yote, umoja na wingi na pia nani anatenda, nani anatendewa, nani mwenye mali. Mfalme anayetenda *rīxs. Mfalme anayetendewa, mfano "walimwona mfalme", *rīgam. Wa mfalme, *rīgos. Wafalme wakitenda *rīges, na ya wafalme *rīgom. Kuna mingine lakini kwa hiyo mitano utaona picha, g inarudi kila mara mkia unapoanza na irabu, inapotea pale tu s inapoigusa.

Utasema, sawa, lakini hiyo mikia mmeitoa wapi? Kiayalandi cha kale ndo hazina yetu hapa, na mimi nakiri wazi kwamba hakuna lugha ninayoipenda kama hii. Watawa wa Ayalandi waliiandika kuanzia kama karne ya 7 hivi, na kwao mfalme ni rí, anayetendewa ni ríg, wa mfalme ni ríg, wafalme ni ríg pia. Ukiangalia haraka unaona kama mikia yote imekatika na habari imeisha. Haijaisha! Mikia ilikatika ila kila mmoja uliacha alama mahali ulipokaa. "Mfalme wa Ayalandi" akiwa mtenda ni rí Érenn. Akiwa mtendewa ni ríg nÉrenn. Hiyo n imetokea wapi? Haipo kwenye jina la Ayalandi, ni ile m ya *rīgam, mkia wenyewe umeanguka lakini sauti ya puani imerukia neno linalofuata ikakaa hapo. Na kwenye "ya wafalme" inatokea n hiyohiyo, kutoka *rīgom. Alafu ríg ya "wafalme" na ríg ya "wa mfalme" zinaandikwa sawa lakini hazikutamkwa sawa, ile ya wingi g yake ililainishwa na ulimi kupanda juu, kwa sababu hapo zamani ilifuatwa na e ya *rīges, wakati ile ya kumiliki ilifuatwa na o ya *rīgos ikabaki nzito. Irabu imekufa karne nyingi lakini konsonanti bado inaibeba, kama vile mtu katoka chumbani na harufu ya udi imebaki. Mimi kila nikifundisha hapa huwa nasimama kidogo, maana ni jambo zuri sana.

Na kama bado una shaka na *rīgos, lipo jiwe. Mwaka 1895 kule Castell Dwyran, kusini magharibi mwa Wales, lilitambuliwa jiwe la kumbukumbu la karne ya 5 au ya 6 lenye jina la mtu mmoja kwa maandishi mawili. Kwa Kilatini imeandikwa MEMORIA VOTEPORIGIS PROTICTORIS, yaani kumbukumbu ya Voteporix mlinzi. Pembeni, kwenye kona ya jiwe, ipo ogamu, ile namna ya Waayalandi ya kuandika kwa kuchanja mistari, na inasema VOTECORIGAS. Mkia huo -rigas ndo *-rīgos yetu, "wa mfalme", miaka michache tu kabla haujakatika kabisa. Kwa hiyo hatukuubuni, kuna mtu aliuchonga kwenye mwamba. (Hiyo p ya Kilatini na c ya ogamu nayo ina utamu wake, ni tofauti kati ya tawi la Wales na tawi la Ayalandi, ila tukiingia huko hatutoki leo.)

Kiwelisi chenyewe kilikuwa na rhi, "mfalme", unaikuta kwenye mashairi ya zamani, siku hizi wanasema brenin ambalo ni neno lingine kabisa. Lakini rhi haikufa yote. Lipo jina Tudur, asili yake *Toutorīxs, mfalme wa kabila, na ndo jina la ukoo wa Tudor uliotawala Uingereza kuanzia mwaka 1485. Na mwanamke? Mame-Kelti walikuwa na *rīganī, malkia. Kiayalandi cha kale wanasema rígain, Wagauli waliandika Rigani kwenye chombo cha udongo kilichopatikana Lezoux, Ufaransa, na hapo ni jina la mungu wa kike. Kwa Wawelisi likawa rhiain, maana yake siku hizi msichana tu. Malkia amekuwa msichana, ndivyo maneno yanavyosafiri.

Sasa turudi nyuma zaidi maana uliuliza na asili. Kilatini rex, Kisanskriti rāj- ambalo umeshalisikia kwenye maharaja, na Kikelti rīxs, hizi zote zimetoka kwa mzazi wa mbali, lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, na mzizi wake ulimaanisha kunyoosha, kuelekeza kwenye mstari. Ile rula mnayompa mwanafunzi apigie mstari, neno tumelitoa kwa Waingereza, wao Ufaransa, Wafaransa kwenye Kilatini regula, na regula ni mtoto wa mzizi huuhuu. Mfalme na rula ni ndugu! Mwanaisimu Émile Benveniste kwenye kazi yake ya mwaka 1969 alijenga hoja kwamba mfalme huyu wa mwanzo hakuwa mtawala wa mabavu, alikuwa zaidi mtu wa ibada na sheria, anayechora mstari na kusema huku ni halali huku sio, na Kilatini kweli kina msemo regere fines, kunyoosha mipaka. Mimi hoja hii inanivutia, na kwetu kuna kitu kinachofanana nayo: mtemi wa Usukuma na Unyamwezi, cheo ambacho wenyewe wanakieleza kwa kitendo cha kutema, kukata. Huyu anakata, yule ananyoosha.

Na tukiwa hapo kwa mtemi, usimwone rí wa Ayalandi kama mfalme wa kwenye tamthilia mwenye kasri. Wengi walikuwa watu wa ukubwa wa mtemi hasa, kila kabila dogo, túath, lilikuwa na rí wake, wanahistoria wanakadiria kulikuwa na zaidi ya 100 kwa wakati mmoja kwenye kisiwa kile kimoja, alafu juu yao wafalme wa wafalme. Na Gaulia ya Caesar makabila kadhaa yalikuwa yameshaacha ufalme, Waaedui walikuwa na kiongozi anayechaguliwa kila mwaka, na baba yake Vercingetorix, Celtillus, Caesar anasema aliuawa na watu wake kwa kuutaka ufalme wa Gaulia. Kwa hiyo kijana anaitwa "mfalme mkuu wa wapiganaji" kwenye nchi ambayo kuutaka ufalme kumemuua baba yake. Jina sio cheo, hilo waambie wanafunzi wako.

Haya, Erick.

Ili nikujibu lazima nirudi kwenye i ndefu. Mzazi wa mbali hakuwa na ī kwenye neno hili, alikuwa na ē ndefu, ndo maana Kilatini ni rēx. Wakelti waligeuza kila ē ndefu ikawa ī, na sio kwa mfalme peke yake. Kilatini vērus, kweli, Kiayalandi fír, Kiwelisi gwir. Kilatini sēmen, mbegu, Kiayalandi síl. Wagermaniki, yaani mababu wa Wajerumani, Waingereza na Waskandinavia, wao hawakufanya hivo, ē yao kwa Wajerumani wa leo imeishia kuwa a: kweli ni wahr, mbegu ni Saat. Kwa hiyo ī kwenye neno la mfalme ni kama muhuri wa forodha, ukiukuta kwenye mzigo unajua mzigo umepita kwa Wakelti.

Na Wagermaniki wanao! Kigothi kina reiks, mtawala, na hiyo ei inasomwa i ndefu. Kama wangelirithi neno hili moja kwa moja kwa mzazi wangekuwa na ē, hawana, wana ī, maana yake walilichukua kwa majirani zao Wakelti. Alafu angalia mwisho, ni k sio g. Wagermaniki zamani waligeuza g zote za asili kuwa k, Kilatini ager, shamba, kwa Wajerumani ni Acker. Neno la mfalme limegeuka pamoja na hayo mengine, kwa hiyo lilikuwa limeshaingia kwao kabla mabadiliko hayo hayajapita, na hapo tunazungumzia kabla ya Kristo. Irabu inatuambia limetoka kwa nani, konsonanti inatuambia liliingia lini. Neno moja dogo, herufi tatu, na limebeba historia ya mataifa mawili ambayo hakuna aliyeiandika. Hapo ndo ninapowajibu wanaosema hii ni kubahatisha.

Wala halikwenda peke yake. Walichukua pia *ambaxtos, mtumishi, ambalo kwa Wajerumani limekuwa Amt, ofisi ya serikali, na wengi wetu tunakubali kwamba neno lao la chuma, Eisen, nalo ni la Wakelti. Mfalme, mtumishi, chuma. Na kutoka "mfalme" wakatengeneza Reich, dola, na reich, tajiri. Hermann von Wissmann alipofika pwani yetu mwaka 1889 kupigana na akina Abushiri cheo chake kilikuwa Reichskommissar, kamishna wa dola, na baadae wilaya nyingi za koloni lao zikawa na Bezirksamt, ofisi ya wilaya. Reich na Amt zote mbili, maneno ya Wakelti yamesafiri mpaka Bagamoyo mdomoni mwa Wajerumani.

Kwa hiyo Erick, kwa Kiskandinavia cha kale Eiríkr, nusu ya pili ya jina, -ríkr, ndo hilo neno la kuazimwa. Aliyekwambia ni jina la Wakelti hajapatia sawasawa, jina limeundwa na Waskandinavia wenyewe, ila tofali moja walilojengea lilitoka kwa Wakelti. Fredrick ni hivohivo, amani na mtawala, Henry ni nyumbani na mtawala, Richard linaanza nalo. Derick ni ufupisho wa Theodoric, na huyo ni "mtawala wa watu", ukilipasua vipande ni sawa kabisa na Tudur wa Wawelisi. Regina ni ndugu pia lakini kapita njia nyingine, Kilatini moja kwa moja, ndo maana ana e.

Ila kuwa makini na yanayofanana kwa sauti tu. Patrick haumo, pamoja na kuwa mtakatifu wa Ayalandi, hilo ni Kilatini Patricius na -rick yake ni mkato wa bahati. Na Rajabu wala usimsogeze kwa maharaja, huyo ni mwezi wa Kiarabu. Mtihani ni uleule, usiangalie neno linavyosikika leo, uliza lilipita wapi na kila sauti yake iwe na maelezo, ikikosa hata moja unaliacha.

Msalimie sana Erick.